Mwaliko wa kikao cha wataalamu wa bahari: niende au nisiende?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni katibu wa BMU moja (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) kisiwani Pate, kaunti ya Lamu. Tumepata barua inayotutaka tutoe mtu mmoja ahudhurie mkutano wa kimataifa wa wataalamu huko Ulaya, kuhusu teknolojia mpya za kutumia bahari kuondoa hewa ya ukaa, hatari zake na namna ya kuzisimamia. Wanachama wamenichagua mimi. Baadhi ya wazee wanasema mikutano hii ni maneno matupu, watu hula posho wakarudi. Wengine wanaogopa kwamba nikionekana kwenye picha itasemwa Lamu imekubali. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, na huko nitakaa na maprofesa. Vikao hivi vina nguvu gani hasa? Niende au nisiende?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nakujibu kwa urefu kwa sababu barua kama hiyo itawafikia wengine wengi wa pwani yetu, kuanzia Kiunga mpaka Vanga, na ni heri tuwe tumelizungumza jambo hili mapema.

Nenda. Ila usikubali tikiti kabla hujapata mambo fulani kwa maandishi, nitayafikia mbele. Kwanza nikueleze nguvu ya vikao hivi iko wapi, maana wazee wako na hao wenye hofu ya picha, kila upande umeshika sehemu ya ukweli.

Kikao cha wataalamu hakitungi sheria. Hakina polisi wala mahakama, na mara nyingi hakina hata fedha za kufuatilia lolote baada ya siku ya mwisho. Lakini wataalamu ndio wanaolitunga swali. Wao ndio husema hatari hii tutaipima, ile tutaiacha. Serikali zinapokuja baadaye kuandika sheria huokota karatasi iliyokwisha kuandikwa, na jambo lililoachwa nje ya karatasi hiyo huwa kazi kubwa kulirudisha mezani. Ndiyo maana nakwambia uende: mtu wa Pate anahitajika pale swali linapotungwa, kwa sababu likishatungwa ataitwa kuja kujibu tu.

Huko utasikia sana jina la Asilomar, likitajwa kama mfano wa ushindi. Lijue vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanasayansi wa Marekani walikuwa wamejifunza kukata kipande cha DNA ya kiumbe kimoja na kukiunga na cha kingine. Paul Berg wa Chuo Kikuu cha Stanford alikusudia kuchukua DNA ya virusi vya nyani viitwavyo SV40, vilivyojulikana kuleta uvimbe kwa wanyama wadogo wa maabara, na kuiingiza katika E. koli, bakteria wanaoishi ndani ya matumbo yetu sote. Wenzake wakamuuliza: wakitoka nje ya maabara itakuwaje? Berg akaliweka jaribio kando. Julai 1974 yeye na wanasayansi wengine wakachapisha barua wakiwaomba wenzao duniani kote wasitishe kwa hiari aina fulani za majaribio mpaka wakutane. Wakakutana Februari 1975 huko Asilomar, kando ya bahari, California. Walikuwa watu wapatao 140, wengi wao wanabiolojia, na wanasheria na waandishi wa habari wachache.

Kusitisha kwa namna ile nyinyi wa Pate mnakuelewa kuliko mawaziri wengi. Mnapofungia mwamba wa pweza hamsemi pweza ni haramu. Mnasema apewe muda akue, kisha tufungue kwa pamoja. Na mnajua pia kufungia kunafaulu lini: wanaovua mwamba ule wakiwa wote wamekubali na kila mmoja akimchunga mwenzake. Asilomar ilikuwa hivyo. Maabara zenye uwezo huo zilikuwa chache, wakuu wake walijuana kwa majina, na nyingi zilitegemea fedha za umma, hasa za Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani. Taasisi hiyo ilipotoa mwongozo wake Juni 1976, mwenye kukaidi alijua atakosa fedha. Mwongozo wenyewe ulifuata mawazo ya Asilomar: majaribio yakapangwa kwa ngazi za hatari, kila ngazi na aina yake ya maabara, na yale ya hatari yatumie bakteria waliodhoofishwa wasioweza kuishi nje. Wazo hilo la bakteria dhaifu lilipiganiwa sana na Sydney Brenner, na kwangu ndilo jambo la maana kuliko yote yaliyotoka pale, kwa sababu liliweka usalama ndani ya kitu chenyewe badala ya kuutegemea uangalifu wa mtu aliyechoka saa nne za usiku.

Wasichokwambia ni yale yaliyoachwa. Waandaaji kwa makusudi kabisa walifungia nje suala la silaha za kibiolojia na suala la kubadilisha jeni za binadamu, ili wapate kuafikiana juu ya usalama wa maabara. Walipata walichokitaka. Lakini lililofungiwa nje halikuondoka. Desemba 2015 kikao kingine cha kimataifa, safari hii Washington, kilisema kwamba kuzalisha mtoto aliyebadilishwa jeni bila usalama kuthibitishwa na bila jamii kukubaliana kungekuwa kitendo cha kutowajibika. Novemba 2018, katika kikao cha pili cha mfululizo huohuo mjini Hong Kong, mwanasayansi wa China He Jiankui akasimama mbele ya hadhara kueleza kwamba pacha wa kike walikwisha kuzaliwa kwa njia hiyo. Wataalamu wakalaani. Kauli yao ya 2015 haikuwa imemzuia. Aliyempa kifungo cha miaka 3 ni mahakama ya Shenzhen, Desemba 2019. Wazee wako wakisema maneno peke yake hayazuii kitu, mfano wao ni huo.

Sasa nikupe kisa ambacho hutakisikia kwa urahisi kwenye mikutano, nami nakiona ndicho chenye faida kubwa kwenu. Mwaka uleule wa 1976, Chuo Kikuu cha Harvard kilitaka kujenga maabara ya majaribio yale ya kuunga DNA katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts. Wataalamu walikwisha kusema, mwongozo ulikwisha kuandikwa. Meya wa mji, Alfred Vellucci, akasema: sawa, lakini maabara inakaa kwetu, na sisi hatujaulizwa. Baraza la mji likaita kikao cha hadhara, maprofesa wakaja kujibu maswali ya madiwani mbele ya wananchi. Kisha baraza likawaomba wasubiri, likaunda kamati ya wakazi wa mji. Hawakuwa wanasayansi wa fani hiyo. Mmoja wao alikuwa mtawa wa Kikatoliki. Kamati ikakaa miezi kadhaa ikiwasikiliza wataalamu wa pande zote mbili, ikawauliza, ikawarudia. Ilipomaliza haikukataza. Iliruhusu, kwa masharti makali kuliko yale ya taasisi ya taifa, na Februari 1977 mji ukatunga sheria yake.

Angalia kilichofuata. Mji huo haukukimbiwa na sayansi. Leo ni mmoja wa vitovu vikubwa vya bayoteknolojia duniani, na sababu moja ni kwamba kampuni zilijua mapema sheria ya pale inasemaje. Kwa hiyo hayo ya kidato cha nne yasikutie unyonge. Wale wa Cambridge walikuwa na muda, walikuwa na haki ya kumwita mtaalamu wa pili asiyekubaliana na wa kwanza, na walikuwa na baraza la mji nyuma yao. Ukiyapata hayo unaweza kumuuliza profesa yeyote swali la maana, na ukiyakosa hata shahada tatu hazitakusaidia ukumbini.

Tuje kwenye mada yako. Teknolojia utakazozisikia ni za namna kadhaa. Moja ni kumwaga chuma baharini ili mimea midogo sana inayoelea, planktoni, izaliane kwa wingi, ivute hewa ya ukaa, kisha ife na kuzama nayo. Nyingine ni kuongeza chokaa au mawe yaliyosagwa ili maji yapunguze uasidi na yaweze kuishika hewa hiyo zaidi. Wapo pia wanaotaka kupanda mwani na kuuzamisha kwenye kina kirefu. Zote zinaanza na hoja ya kweli: hewa ya ukaa imezidi angani, na kupunguza moshi tu huenda kusitoshe. Usiwachukulie kuwa wezi. Wengi ni watu wanaotafuta dawa kwa nia njema.

Lakini bahari haina mipaka, nawe unajua. Mwaka 2009 meli ya utafiti ya Ujerumani, Polarstern, ikiwa na wanasayansi wa Kijerumani na wa Kihindi, ilimwaga tani kadhaa za chuma kusini mwa Atlantiki. Planktoni wakaongezeka kama ilivyotarajiwa. Kisha viumbe wadogo wa jamii ya kamba wakawala, na hewa ya ukaa iliyozama ikawa kidogo kuliko ilivyotumainiwa. Hilo lilikuwa jaribio la kisayansi lenye vipimo na ripoti. La 2012 lilikuwa tofauti. Katika visiwa vya Haida Gwaii, magharibi mwa Kanada, kijiji cha Old Massett kilikuwa kimeona samaki aina ya salmoni wakipungua. Akaja mfanyabiashara kutoka Marekani na mpango: mwageni chuma, planktoni wataongezeka, salmoni watapata chakula, na juu ya hayo mtauza hati za hewa ya ukaa, zile karatasi ambazo wenye kutoa moshi hununua ili kuufidia. Kijiji kikakubali, kikatoa fedha zake, zaidi ya dola milioni 2. Tani zipatazo 100 za salfeti ya chuma zikamwagwa. Dunia ilipopata habari ikawa kelele, na serikali ya Kanada ikaanza uchunguzi.

Nataka ukikumbuke kisa hicho ukiwa ndani ya ukumbi. Wengi hudhani hatari huletwa na mgeni mwenye nguvu anayelazimisha. Pale Old Massett ililetwa na ahadi ya samaki, na waliokubali walikuwa wavuvi waliokuwa wamechoka kurudi na ngarawa tupu. Kwenu ahadi hiyo ingepata masikio, sivyo? Kwetu Malindi pia ingepata.

Na sheria ilikuwa wapi? Upo mkataba wa 1972 wa kuzuia utupaji wa taka baharini, uitwao Mkataba wa London, pamoja na itifaki yake ya 1996, na Kenya ni mwanachama wa vyote viwili. Wataalamu wa sayansi wa mkataba huo walionya mapema. Mwaka 2008 nchi wanachama zikapitisha azimio kwamba kurutubisha bahari kusiruhusiwe isipokuwa kwa utafiti halali wa kisayansi. Azimio likawepo, na 2012 meli ikamwaga. Mwaka 2013 wakaandika marekebisho ya itifaki yenye nguvu ya kisheria, yanayoweza kupanuliwa yaguse teknolojia nyingine za baharini pia. Marekebisho hayo yanahitaji theluthi mbili ya wanachama wayaridhie, na mpaka leo idadi hiyo haijafika. Kwa hiyo ukiwa huko uliza waziwazi: nchi zenu zimeridhia? Na ukirudi iulize na serikali yetu.

Tusidhani lakini kwamba mtu wa Afrika akiingia ukumbini hubaki pambo. Itifaki ya Cartagena, inayohusu viumbe waliobadilishwa jeni wanaovuka mipaka, ilijadiliwa kwa miaka kadhaa, na msemaji mkuu wa Afrika na wa nchi nyingi zinazoendelea alikuwa Tewolde Berhan Gebre Egziabher, mtaalamu wa mimea kutoka Ethiopia. Nchi tajiri zinazouza mbegu nje hazikutaka masharti mazito. Yeye na wenzake wakashikilia kwamba nchi inayopelekewa kiumbe hai kilichobadilishwa, ili kiachiliwe katika mazingira yake, iarifiwe kwanza na itoe idhini kwanza. Kanuni hiyo ikaingia. Itifaki ilipitishwa Montreal Januari 2000, ikafunguliwa kusainiwa Nairobi Mei mwaka huo, na Kenya ikawa nchi ya kwanza kuisaini. Ikaanza kutumika 2003, nasi tukapata Sheria ya Usalama wa Kibayolojia mwaka 2009. Hata yule anayepinga na yule anayetetea vyakula vilivyobadilishwa jeni (GMO) hapa Kenya, wote wanabishana ndani ya nyumba ambayo Tewolde alisaidia kuijenga.

Njia ya kutoka ukumbini mpaka Pate ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 2(6) cha Katiba ya 2010 kinasema mkataba wowote ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya. Ripoti ya wataalamu hugeuka rasimu ya wanadiplomasia, rasimu hugeuka mkataba, mkataba ukiridhiwa unaweza kusomwa mbele ya hakimu wa Malindi au Lamu. Huchukua miaka. Lakini sentensi utakayoikuta mwisho wa safari, mara nyingi iliandikwa na mtu mmoja aliyekuwa na kalamu siku ya pili ya kikao cha kwanza.

Hapo pana jambo la kuangalia kwa karibu. Nimekaa katika vikao vya namna hii, na kazi yenyewe haifanyiki kwenye hotuba. Siku ya mwisho rasimu hutupwa ukutani kwa projekta, na katibu wa kikao anahariri huku watu wakitazama. Maneno yasiyokubaliwa huwekwa kwenye mabano ya mraba. Mtu akisema "jamii za pwani zishirikishwe kabla ya jaribio," mwingine huomba iongezwe "pale inapofaa," mwingine "kwa mujibu wa hali ya kila nchi," na sentensi iliyoingia ikiwa na meno hutoka kibogoyo. Si nadharia hii. Novemba 2018 huko Sharm el-Sheikh, nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai zilijadili teknolojia ya kueneza jeni iliyobadilishwa katika kizazi kizima cha viumbe, kama vile mbu. Zikaafikiana kwamba idhini huru ya mapema ya jamii zitakazoguswa itafutwe au ipatikane, na vifungu vya kulegeza kama hivyo vikaambatana nayo. Bado ni ushindi, nami ningekushauri uutumie, maana ni mfano ulioandikwa ambao wenzako mezani hawawezi kuukana. Ila usiondoke ukumbini mapema siku hiyo kwa sababu ya ndege.

Sasa hofu ya picha. Hofu hiyo ni ya kweli, na watu wa Lamu wana hukumu mkononi inayoijibu. Tarehe 26 Juni 2019, Mahakama Maalumu ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Kwasasi. Sababu moja kubwa ilikuwa ushirikishwaji wa umma. Mikutano ilikuwa imefanyika, watu walikuja, majina yaliandikwa. Mahakama ikaona kwamba ilikuwa mikutano ya kuutambulisha mradi, kabla ripoti ya athari haijakamilika, na kwamba wananchi hawakupewa nafasi ya kweli ya kuisoma ripoti yenyewe na kuijibu. Kuhudhuria hakukuhesabiwa kuwa kukubali. Tembea na hukumu hiyo. Kukaa kwako kwenye kiti cha Ulaya hakuwezi kisheria kuchukua nafasi ya baraza la wavuvi wa Pate, Faza, Kizingitini na Siyu waliosoma karatasi na kuhojiana. Lakini sheria ni kitu kimoja na tangazo la kampuni ni kingine, ndiyo maana nasisitiza maandishi.

Swali moja ningependa ulibebe kuliko mengine yote: nani atalipa? Sisi wa Malindi tumelelewa karibu na swali hilo. Ngomeni, kaskazini mwa mji wetu, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa lililosimama baharini. Ya kwanza iliruka Aprili 1967, mwaka uleule Mkataba wa Anga za Juu uliposainiwa. Tarehe 12 Desemba 1970 ikaruka ile iliyopewa jina la Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutafiti miale ya eksirei ya angani. Wanadiplomasia na wataalamu wa wakati huo waliuliza mapema: kitu kikianguka kichwani mwa mtu? Wakaandika mkataba wa 1972 unaosema nchi iliyorusha italipa madhara ya ardhini bila mwathirika kuhitaji kuthibitisha uzembe. Januari 1978 setilaiti ya Kisovieti Kosmos 954, iliyobeba kinu cha nyuklia, ilianguka kaskazini mwa Kanada, na 1981 Wasovieti wakakubali kulipa dola milioni 3 za Kanada. Desemba 2024 pete la chuma la kilo 500 hivi lilipoanguka kutoka angani kijiji cha Mukuku, Makueni, angalau kulikuwa na sheria ya kuanzia. Kwa teknolojia za kuondoa hewa ya ukaa baharini hakuna mkataba wa namna hiyo. Samaki wakipotea miaka miwili baada ya jaribio, mzigo wa kuthibitisha utamwangukia mvuvi, na hilo haliwezekani kwa mtu asiye na vipimo vya kabla ya jaribio. Ukifanikiwa kuingiza sentensi moja tu kwenye ripoti, iwe ya vipimo vya kabla na ya nani atalipa baadaye.

Na usisahau kwamba mna elimu wasiyo nayo wao. Msimu wa kaskazi, mkondo unaoshuka kutoka Somalia hukutana na ule unaopanda pwani yetu, mbele ya Lamu hivi, maji ya chini yenye rutuba hupanda juu, na samaki huwa wengi kwenye kingo za nje. Wanasayansi wameliandika hilo, lakini siku ya kugeuka kwa maji, rangi yake, samaki gani hutangulia, hayo yako vichwani mwa manahodha wenu. Mtu anayetaka kukokotoa kwa kompyuta kitu kilichomwagwa kitafika wapi anahitaji elimu hiyo. Msiitoe bure na msiitoe bila jina la BMU kuandikwa. Zungumzeni pia na wenzetu wa Gazi, kule Kwale, wanaouza hati za hewa ya ukaa kwa kutunza mikoko. Mkoko unahesabika, mwanakijiji anaupima kwa utepe wake. Hewa ya ukaa iliyozama mita elfu mbili huwezi kuipima wewe, utaambiwa tu. Kwa Lamu, yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, tofauti hiyo ni kubwa.

Utakutana pia na watu wa akili mnemba, maana siku hizi vikao hivi vinapishana hoteli zilezile. Mambo yao yanafanana na yenu. Novemba 2023 huko Bletchley, Uingereza, nchi 28 pamoja na Umoja wa Ulaya zilisaini tamko kuhusu hatari zake, Kenya ikiwemo. Februari 2025 huko Paris, Marekani na Uingereza zikakataa kusaini tamko jingine la namna hiyo. Kamati ya ushauri ya Umoja wa Mataifa iliona mwaka 2024 kwamba katika mipango saba mikubwa ya kusimamia teknolojia hiyo, nchi 118 hazikuwamo hata katika mmoja, nyingi zikiwa za upande wetu wa dunia. Wasikilize, chukua namba zao, endelea na kazi yako.

Sasa hayo maandishi. Wajibuni mwaliko wao kwa barua ya Kiswahili, na tafsiri ya Kiingereza nyuma yake. Semeni mnakubali kimsingi, na kwamba mjumbe wenu anakuja kueleza na kusikiliza, hana mamlaka ya kutoa idhini ya jaribio lolote kwa niaba ya mtu yeyote wa Lamu. Ombeni maelezo hayo yaandikwe ndani ya ripoti ya kikao. Ombeni ajenda na karatasi zote mwezi mmoja kabla, muhtasari wake uwe kwa Kiswahili, na mkalimani ndani ya ukumbi, si rafiki wa kunong'ona pembeni. Ombeni nafasi ya kuongeza jambo kwenye ajenda, na haki ya maoni yako ya kupinga kuchapishwa pamoja na ripoti. Waulize nani anagharamia kikao na kama kuna kampuni ya hati za hewa ya ukaa miongoni mwao. Picha zisitumike kwenye tangazo la mradi wowote bila barua ya BMU. Kuhusu posho, ipokee, ni haki yako kwa siku ambazo hutakwenda baharini, na isomwe kiasi chake mbele ya wanachama kabla hujaondoka, ili pasiwe na la kusemwa.

Wasipokubali mkalimani na karatasi za mapema, msiende. Watumieni maoni yenu kwa maandishi. Wakikubali, ombeni wajumbe wawe wawili, wewe na nahodha mmoja mtu mzima anayezijua kaskazi na kusi, maana mjumbe peke yake huchoka na hukosa wa kushauriana naye usiku. Barua isainiwe na mwenyekiti, wewe katibu na mweka hazina, ipigwe muhuri, na nakala zipelekwe kwa afisa wa uvuvi wa kaunti, kwa diwani wenu na kwa NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) ofisi ya Lamu. Kila anayepokea agonge muhuri na tarehe kwenye nakala yenu.